Bega Likiuma: Lipi la Kutuliza, Lipi la Kunyoosha

Mkwezi wa minazi Msambweni, mvuvi wa Gazi anayevuta jarife, mama wa Kinango anayebeba mtungi wa maji na mwendesha bodaboda wa Ukunda wote hula kwa nguvu za mabega. Bega likishindwa, kazi husimama. Ndiyo maana wengi hukimbilia kuchuliwa au kuvutwa mkono ili warudi kazini mapema. Lakini maumivu ya bega si ya aina moja, na tiba inayofaa moja huweza kudhuru jingine. Kwanza jiulize: yalianzaje?

Ghafla, baada ya kuanguka

Bega huzunguka kuliko kiungo kingine chochote mwilini. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa juu ya kikombe kifupi, mfano wa chungwa kwenye kisahani, kikishikiliwa na misuli na kano. Kwa hiyo huteguka kwa urahisi.

Ikiwa umeanguka, bega limebadilika umbo na mkono hauinuki, huenda limeteguka au mtulinga umevunjika. Usikubali kuvutwa wala kuchuliwa. Mishipa ya damu na ya fahamu hupita kwapani, na kuvutwa na asiye mtaalamu huweza kuijeruhi. Kunja leso pembe tatu, ufunge mkono shingoni, uende hospitali siku hiyo hiyo ukapigwe eksirei. Usile njiani, kwani huenda ukahitaji dawa ya usingizi. Bega likikaa siku nyingi nje ya mahali pake, kulirudisha huwa kugumu, na wakati mwingine huhitaji upasuaji.

Aliyeanguka kutoka juu na analalamika shingo au mgongo asiinuliwe ovyo.

Polepole, kwa sababu ya kazi

Maumivu yanayozidi unapoinua mkono juu ya kichwa au unapolalia upande huo mara nyingi hutokana na kano zilizochoka. Punguza kazi za kuinua mikono kwa wiki chache. Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Ukiweza, gawa maji katika mitungi miwili ya lita 10. Lakini usiufunge mkono kutwa, maana bega lisilotumika hukakamaa.

Bega lililokakamaa

Bega jingine huuma kwa wiki kadhaa, kisha hukaza hata kufunga leso au kuchana nywele kukawa shida. Hali hii huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, hasa wanawake na wenye kisukari. Kwa kawaida hupungua, ila huweza kuchukua mwaka 1 hadi 3. Likikukakamaa bila sababu, omba upimwe sukari.

Hapa mazoezi ndiyo dawa, mara 2 au 3 kwa siku:
- Inama ukishika meza kwa mkono mzima, uache unaouma uning'inie, kisha uuzungushe taratibu.
- Simama mbele ya ukuta, uvipandishe vidole kidogo kidogo kama mtu anayekwea mnazi. Ishia pale maumivu yanapokuwa makali.

Usingoje kesho

Nenda hospitali mara moja ikiwa bega linauma pamoja na kifua kubana, jasho au kukosa pumzi. Hiyo huweza kuwa dalili ya moyo. Fanya vivyo hivyo vidole vikifa ganzi au kuwa baridi, au bega likivimba pamoja na homa.

Pa kwenda

Kwa maumivu ya kawaida, anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ukiwa umeumia kwa ajali, nenda moja kwa moja hospitali, iwe Msambweni, Kwale, Kinango au Lungalunga. Beba kitambulisho. Ikiwa hujajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), piga *147# leo, kabla bega halijauma.