Kuandaa laptopu kwa Arduino: shusha mara moja, gawaneni kwa flashi

Ukitaka kujifunza kuprogramu mikrokontrola ukiwa hapa Nyakabiga, hata kabla ya bodi, mega za kushushia programu ndizo zitakazoanza kula mfuko wako. Toleo la 2 la programu ya Arduino, likifunguliwa mara ya kwanza, huingia mtandaoni kuchukua vifaa vya bodi. Wanafunzi ishirini wakifanya hivyo, ni bando ishirini kwa kitu kimoja.

Kwa hiyo nashauri toleo la zamani, 1.8.19, faili la zip. Ndani yake mna kila kinachohitajika kwa bodi ya Uno. Mmoja wenu alishushe, alifungue, kisha ndani ya folda hiyo aunde folda nyingine iitwayo portable. Kuanzia hapo maktaba, mipangilio na kazi zenu vyote hukaa humo. Nakilini folda nzima kwa flashi, kila mwenye Windows aiweke kwenye mashine yake bila intaneti. (Wenye Linux wana faili lao la tar.xz.) Na asiwepo wa kuingiwa na shaka kuhusu haki za watu: leseni yake, GPL, inaruhusu kunakili na kugawa. Ila flashi iliyopita saiba ipimwe virusi kwanza.

Sasa bodi. Uno ina chipu ya ATmega328P, yenye kilobaiti 32 tu za kuhifadhi programu. Picha moja ya simu yako haienei humo. Laptopu ndiyo inayotafsiri maandishi yako kuwa lugha ya chipu, kisha inayasukuma kwa kebo ya USB. Wengi hukwama kwenye kebo hiyo. Kebo nyingine ni za kuchaji tu, hazina nyaya za data: taa ya bodi itawaka, lakini laptopu haitaona kitu. Jaribu kwanza kuhamisha picha kutoka kwenye simu kwa kebo hiyohiyo.

Bodi nyingi za bei nafuu hutumia chipu ya CH340 kuongea na USB. Windows isipoitambua, inahitaji draiva. Wekeni faili la CH341SER kwenye flashi ileile. Kwenye Linux draiva imo tayari, tatizo huwa ruhusa. Andika:

sudo usermod -aG dialout $USER

kisha toka na uingie upya. Kwenye Ubuntu 22.04 mlango ukionekana na kupotea papo hapo, mhusika ni brltty, programu ya wasioona wanaosoma kwa nukta. Kama hapo hakuna anayeitegemea, iondoe.

Laptopu zetu nyingi zinaongea Kifaransa, basi nenda Outils, chagua bodi ya Uno, halafu Port. Mwenye Nano ya bei nafuu, upakiaji ukigoma, achague Old Bootloader kwenye orodha ya Processeur.

Fungua mfano wa Blink, ubonyeze Téléverser. Taa ikimetameta usishangilie bado, maana bodi nyingi hutoka kiwandani na Blink ndani. Badilisha 1000 zote mbili ziwe 200, upakie tena. Ikimetameta haraka zaidi, hiyo ni programu yako.