Maharagi ya Mbegu Hayaendi Sokoni

Rutshuru iko yapata kilometa 70 kaskazini ya Goma. Udongo wake umetoka katika volkano. Ni mweusi, nao unazaa sana. Watu wa huko hupanda maharagi mara mbili kwa mwaka. Hupanda mwezi wa Septemba, wakavuna mwisho wa Desemba na Januari. Hupanda tena Februari au Machi, wakavuna Juni na Julai. Basi mwezi wa Julai nyumba nyingi zimejaa maharagi. Mifuko inafika mpaka mlangoni, na wanunuzi wamekuja na malori yao.

Siku hizo ndizo siku za hatari. Mtu atauliza: Hatari gani, na chakula kimejaa nyumbani? Hatari ni hii. Wakati kila mtu anauza, bei inashuka. Miezi minne baadaye kila mtu anatafuta maharagi, nayo bei imepanda. Mtu aliyeuza yote Julai, atanunua Novemba. Na pengine atanunua yale yale aliyoyalima kwa mikono yake.

Tazama nyumba moja ya Kiwanja, karibu na Rutshuru. Mna baba, mama na watoto watano. Shamba lao ni nusu hektari, na Julai wamevuna kilo 400. Lori limesimama barabarani.

Baba akasema, «Mama watoto, tuuze mifuko mitatu leo. Mnunuzi ana haraka.»

Mama akajibu, «Baba watoto, tumekwisha kuhesabu vinywa?»

«Tutahesabu baadaye. Feza ya kaye na ya nguo za shule inatakiwa.»

Baba huyu hakusema uongo. Shule hufunguliwa Septemba. Ni kweli, Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inasema masomo ya msingi katika shule za serikali ni bure, na tangu Septemba 2019 serikali ilianza kulitimiza neno hilo. Lakini kaye hazitolewi bure, wala kalamu, wala nguo za shule. Na mtoto mkubwa aliye katika shule ya sekondari bado anadaiwa feza. Baba ana sababu ya kutaka kuuza. Kosa lake ni moja tu: anataka kuuza kwanza, kisha ahesabu.

Tuhesabu pamoja nao. Watu saba wakila kilo moja ya maharagi kwa siku, kutoka mwanzo wa Julai mpaka mavuno ya Januari ni siku 180. Basi watakula kilo 180. Kwa kupanda nusu hektari Septemba wanataka yapata kilo 40 za mbegu. Jumla ni kilo 220. Katika kilo 400 zinabaki kilo 180. Hizo ndizo za kuuza, wala si zaidi.

Sasa tuseme kilo moja ni falanga 1 000 mwezi wa Julai. Baba akiuza mifuko mitatu, kilo 300, atapata falanga 300 000. Ni feza nyingi, na nyumba yote inafurahi. Lakini zimebaki kilo 100 tu. Septemba inafika, hakuna mbegu. Ananunua kilo 40 kwa falanga 1 800 kila kilo: falanga 72 000. Katikati ya Oktoba chungu ni kitupu. Zinatakiwa kilo 80 mpaka mavuno, na sasa kilo ni falanga 2 000: falanga 160 000. Toa zote mbili. Katika zile 300 000 zimebaki falanga 68 000.

Kama angaliuza zile kilo 180 peke yake, angalipata falanga 180 000, na asingalinunua hata kikombe kimoja cha maharagi. Mkulima ni yule yule, shamba ni lile lile, mvua ni ile ile. Lakini falanga 112 000 zimepotea njiani kati ya nyumba na soko. Na tena, mbegu ya kununua sokoni haijulikani. Pengine ni ya zamani, pengine imechanganyika na nyingine, pengine ilitoka katika shamba lenye ugonjwa.

Wengine watasema, «Tukiyaweka, wadudu watayala.» Neno hilo ni kweli, na ndiyo maana watu wengi wanauza upesi. Mdudu wa maharagi ni mdogo kuliko punje ya mchele. Hatoki katika ukuta wa nyumba tu, kama watu wanavyodhani; mara nyingi anaanza kutaga mayai shambani, wakati maganda yanakauka. Maharagi yanaingia katika mfuko yakiwa mazuri machoni, na mdudu yumo ndani. Baada ya mwezi mmoja hivi anatoboa na kutoka, anazaa tena, na hivyo hivyo mpaka mfuko wote unakuwa unga.

Lakini mdudu ni kiumbe kinachovuta pumzi. Akikosa hewa, anakufa. Mama mwenye akili atachukua bidoni ya lita 20, safi na kavu, ambayo haijawekwa petroli wala dawa ya sumu hata siku moja. Atajaza maharagi makavu mpaka shingoni, bila kuacha nafasi, na kufunga kifuniko kwa nguvu. Wadudu waliomo watamaliza hewa iliyomo, na kazi yao imekwisha. Bidoni moja inachukua yapata kilo 15; basi bidoni tatu zinatosha mbegu ya nyumba tunayoisema. Ziwekwe kivulini, zisifunguliwe mpaka siku ya kupanda. Kwa akiba kubwa iko mifuko yenye nailoni mbili ndani, ambayo hufanya kazi kwa njia ile ile. Mwanzo wake ni kazi ya wataalamu wa Kameruni pamoja na wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, iliyoanza mwaka 1987 kwa ajili ya kunde. Majivu ya kuni, yaliyopoa na kuchungwa vizuri, nayo yanasaidia. Bibi zetu hawakuwa wajinga.

Yote hayo ni bure kama maharagi ni mabichi, kwa sababu yataoza. Yaanikwe juu ya mkeka au bashi, si juu ya udongo mtupu. Kuyapima ni rahisi. Twaa chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo na konzi ya maharagi, funga, tikisa, kisha ngoja robo ya saa. Chumvi ikishikamana na kioo, rudisha maharagi juani. Ikianguka chini yote, yamekauka. Kazi hiyo yafaa sana kupewa watoto. Wanaipenda, nao hawataisahau.

Feza ya kilo zilizouzwa, iwekwe wapi? Wazee wa Rutshuru hawaamini sana sanduku la chini ya kitanda, nao wana haki. Desemba 1979 noti za zaire 5 na za zaire 10 ziliondolewa, na wengi hawakuwahi kuzibadili. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilihesabiwa kuwa sawa na zaire za zamani 3 000 000. Mwaka 1998 ikaja falanga ya Kongo. Mtu aliyezika noti katika chungu alikuja kufukua karatasi.

Mama wengi wana likirimba. Watu kumi wanatoa kila juma feza iliyo sawa, na kila juma mmoja anapokea yote. Ni njia nzuri ya kununua mbuzi au mabati. Udhaifu wake unajulikana: aliyepokea wa kwanza akihama, wa mwisho analia. Kwa hiyo katika mitaa mingi pameingia vikundi vya akiba na mikopo vinavyoitwa AVEC. Namna hiyo ilianza Niger mwaka 1991 kati ya wanawake wa vijijini. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu mbalimbali, na mwenye kulaza sanduku nyumbani hana ufunguo. Feza inahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Yafaa kikundi kipange kugawana mwezi wa Agosti, ili feza ifike kabla ya shule, si kabla ya sikukuu ya kunywa kasiksi.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wa Rutshuru wanalijua zaidi ya kitabu chochote. Oktoba 2022 vita vilifika Rutshuru na Kiwanja, watu wakakimbia na kuacha mavuno. Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia Goma, benki zikafunga milango, na wenye akiba hawakuweza kuitoa. Kwa hiyo mali ya nyumba isilale mahali pamoja. Bidoni moja ya mbegu iwe kwa shangazi wa kilima kingine. Mbuzi wawili ni akiba pia, na mbuzi anatembea kwa miguu yake mwenyewe. Mfuko wa maharagi unataka mgongo wa mtu. Vyeti vya watoto, vya kuzaliwa na vya shule, viwe katika nailoni moja, na mtoto mkubwa ajue vilipo.

Maana watoto nao ni watu wa nyumba. Wazazi wengine wanaficha hesabu, kisha wanakasirika mtoto anapoomba viatu wakati hakuna kitu. Afadhali akae karibu siku ya kuhesabu mifuko. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuandika: hizi za kula, hizi za mbegu, hizi za kuuza. Tena apewe kuku mmoja awe wake, amlishe, auze mayai, ajinunulie kalamu. Lakini mgeni akija, na baba akachinja kuku huyo bila kumwuliza mtoto, mtoto atajifunza somo jingine kabisa: kwamba aliyeweka akiba ndiye anayenyang'anywa. Kama hakuna njia nyingine, baba aseme, «Mwanangu, nakuazima kuku wako, nitakulipa mwezi ujao,» na mwezi ujao alipe.

Maswali. Kwa nini bei ya maharagi inashuka mwezi wa Julai? Mdudu anaingiaje katika maharagi kabla ya mavuno? Nyumba ya watu tisa inakula kilo moja na nusu kila siku. Wamevuna kilo 450, na mbegu yao ni kilo 50. Mpaka Januari ni siku 180. Wauze kilo ngapi? Na ninyi nyumbani kwenu mnakula kilo ngapi kwa juma? Mwulizeni mama, mkaandike.