Barzilai Alipotaka Kwenda Nyumbani

Andiko kuu: 2 Samweli 19:31-39

Barzilai alikuwa mzee wa miaka 80. Ndiye aliyemlisha Daudi kule Mahanaimu, wakati Absalomu alipoasi. Sasa Daudi anataka kumlipa wema: twende Yerusalemu, nitakutunza. Mzee akakataa. Alisema hapambanui tena jema na baya, hasikii ladha ya chakula wala sauti za waimbaji. Akaomba arudi mjini kwake, lilipo kaburi la baba na mama yake.

Biblia haisemi Barzilai alikuwa mgonjwa, nami siongezi. Lakini ombi lake tunalisikia hapa Ziwani. Jioni ikiingia, shosho anafunga leso, anashika mlango: nataka kwenda nyumbani. Na ameishi kwa hiyo nyumba ya kanjo miaka 40! Mjukuu anamwita kwa jina la kaka yake aliyekufa. Kiswahili kimempotea, amebaki na Kikamba cha utotoni, na wajukuu hawakijui. Sisi tunasema ana pepo.

Wapendwa, huo ni ugonjwa wa ubongo, unaitwa demensia. Aina yake inayojulikana zaidi ilielezwa na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linahesabu wagonjwa zaidi ya milioni 55. Mara nyingi lugha uliyojifunza ukubwani hutangulia kupotea, ile ya mama hubaki.

Kumkemea mgonjwa kwa sauti kuu kunamtia hofu tu. Tena, neno "pepo" likitoka kanisani, huko nje linageuka "mchawi". Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, akina mama wazee 4 walishukiwa uchawi wakauawa.

Kuombea tuombee, sikatai uponyaji. Lakini apelekwe hospitali pia, kwa sababu maambukizi ya mkojo, upungufu wa vitamini B12 au huzuni nzito huweza kuleta kuchanganyikiwa kama huku, na hayo yanatibika.

Halafu mtazameni Daudi. Hakubishana na mzee. Alimbusu, akambariki, akamwacha arudi kwao. Kwa hivyo mama akisema nyumbani, usimwambie amechanganyikiwa. Muulize nyumbani kuna nini. Atakwambia mto, mbuzi, mama yake. Mtembeze kidogo hapo nje, mrudi polepole. Mwimbie wimbo wa lugha yake. Nimeona mtu asiyekumbuka jina la mwanawe akiimba ubeti mzima bila kukosea.

Na yule binti anayemtunza? Hajaonekana ibadani miezi kadhaa, na wengine washasema amerudi nyuma. Hajarudi nyuma, amefungiwa ndani na mgonjwa.

Jumatano hii, kila kikundi cha nyumbani kiandike ni nani ana mgonjwa wa namna hii, na mgonjwa anaongea lugha gani. Mashemasi watatafuta mtu wa lugha hiyo akae naye Jumapili asubuhi, binti aje kanisani.