Mbinu za Kuchambua Usawiri wa Mwanamke katika Riwaya za Kiingereza za Karne ya 18

Umepewa insha kuhusu usawiri wa mwanamke katika fasihi ya Uingereza ya karne ya 18, na vitabu ni vinene. Usiogope. Ukijua pa kutazama, wanawake wale watakuja mbele yako wakiwa hai. Fanya hivi.

Chagua kitabu kimoja. Kama muda ni mchache, Clarissa ya Samuel Richardson (1747–48) yenye juzuu saba iweke kando kwanza. Anza na Moll Flanders ya Daniel Defoe (1722) au Pamela ya Richardson huyohuyo (1740). Hakimiliki zimekwisha zamani, kwa hiyo utazipata bure mtandaoni.

Uliza nani ameshika kalamu. Pamela ni mtumishi wa ndani, binti wa miaka 15, na tunamjua kupitia barua na shajara yake. Lakini anayeandika hasa ni Richardson, mchapaji wa London aliyekwisha kutimiza miaka 50. Kila Pamela anapotetea heshima yake, jiulize: hapa anasema binti, au anafundisha mwandishi? Jibu liandike pembeni.

Fuata fedha. Kwa sheria ya wakati ule, mwanamke akiolewa, fedha na vitu vyake vilikuwa vya mume, isipokuwa kama kuna mkataba maalumu. Ndiyo maana Moll haachi kuhesabu akiba yake kila ndoa inapovunjika. Ndiyo maana pia Clarissa yuko mashakani: babu yake kamwachia urithi, ndugu zake wameona wivu, na familia inamshurutisha aolewe na Solmes, tajiri ambaye Clarissa hataki hata kumwona.

Weka alama kwenye milango, funguo na barua. Pamela akiwa amefungiwa katika nyumba ya bwana wake huko Lincolnshire, anaficha barua bustanini, kati ya vigae viwili karibu na alizeti. Baadaye anashonea karatasi zake ndani ya nguo za chini. Kutoka hawezi, kalamu anayo. Tukio dogo kama hilo litakusaidia kuliko kurasa nzima za sifa.

Tazama mwisho. Pamela anaolewa na bwana yuleyule aliyemfungia. Clarissa, baada ya kubakwa na Lovelace, mwanamume aliyemtorosha kwao, anakufa. Moll aliyeishi kwa wizi anazeeka na mali na toba. Nani kazawadiwa, nani kaadhibiwa, na kwa lipi? Chora jedwali dogo ulijaze.

Tafuta jibu la mpinzani. Mwaka 1741 Henry Fielding alitoa Shamela, na Eliza Haywood akatoa Anti-Pamela. Wote wawili walimgeuza mtumishi mwema kuwa mjanja anayewinda mume. Shamela ni fupi. Isome sambamba na Pamela uone binti mmoja akivikwa sura mbili.

Wasome wanawake wenyewe. Fantomina ya Haywood (1725) utaimaliza jioni moja: bibi kijana anajibadilisha sura mara kadhaa ili amnase tena mwanamume yuleyule. Frances Burney alitoa Evelina mwaka 1778 bila kuweka jina lake. Mary Wollstonecraft, mwaka 1792, alitetea hoja kwamba wanawake wanaonekana dhaifu kwa sababu wamenyimwa elimu.

Sasa andika. Usiseme tu “wanawake walikandamizwa” ukaishia hapo. Toa kitendo, kisha maana yake. Kwa mfano: Pamela ameshonea karatasi ndani ya nguo zake, kwa hiyo bwana anapozidai, anatishia kumvua. Richardson anaonesha kwamba msichana maskini hawezi kulinda siri yake bila kulinda mwili wake.

Aya tatu za namna hiyo, kila moja na ushahidi wake, na insha yako imesimama.