Mgongo Unaouma na Roho Inayoogopa: Somo la Luka 13:10-17



Vijana wenzangu, wiki hii fungueni Luka 13, aya ya 10 mpaka 17. Ni Sabato, Yesu anafundisha katika sinagogi, na ndani yumo mama ambaye mgongo wake umepinda kwa miaka 18, hawezi kabisa kujinyoosha. Ukisoma taratibu utaona kwamba mama huyu haombi kitu. Hapazi sauti kama Bartimayo, hashiki vazi kama yule mwenye kutokwa damu, na Yesu hamwambii kwamba imani yake ndiyo imemponya. Yesu ndiye anayemwona, anamwita, anasema naye, anamwekea mikono.

Naanzia hapo kwa sababu kijana wa Kariakoo ambaye mgongo unamuuma mwezi wa sita sasa huwa anapewa majibu mawili, na yote yanamuumiza. La kwanza ni kwamba picha imeonyesha pingili zimelika, kwa hiyo mgongo wake ndiyo basi tena. La pili linakuja dawa zikishindwa: hilo tatizo liko kichwani tu, kaombe, imani yako ndogo.

Na hapa Kariakoo jambo hili si dogo. Jina lenyewe la mtaa linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, waliokuwa na kambi yao hapa baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita ile walikufa, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Yaani tunaishi mahali palipopewa jina la migongo ya watu, na mpaka leo belo la mitumba linashushwa kwenye lori likitua mgongoni mwa mtu.

Sasa turudi kwenye lile jibu la "kichwani tu". Zamani walikuwepo waliofikiri kwamba roho imo mwilini kama nahodha ndani ya jahazi: jahazi likitoboka, nahodha anaangalia tu tundu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilikataa wazo hilo, na Mtaguso wa Vienne (1311-1312) ukafundisha kwamba roho ni umbo la mwili. Katekisimu inalirudia fundisho hilo katika namba 365. Maana yake ni kwamba hakuna maumivu ya mwili peke yake, wala hofu ya roho peke yake. Anayeumia ni mtu mmoja, mzima. Kwa hiyo anayekwambia "ni kichwani tu" amekosea hata katika falsafa, achilia mbali huruma.

Wataalamu wa maumivu nao, kwa njia yao, wamefika jirani kabisa na hapo. Mwaka 2015 ilichapishwa kazi iliyokusanya tafiti nyingi za picha za mgongo za watu wasioumwa chochote. Diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa hiyo picha peke yake si hukumu. Maumivu yakipita miezi mitatu, mara nyingi jeraha la mwanzo limeshapona lakini mishipa ya fahamu na ubongo vimezoea kuonya. Umewahi kusikia gari lililoegeshwa Mtaa wa Msimbazi, king'ora kinalia kila bajaji ikipita? Mwizi hayupo, ila king'ora kinalia kweli, tena kinakera kweli. Maumivu haya ni ya kweli namna hiyo.

Na kinachokifanya king'ora kiwe chepesi zaidi ni hofu. Umeambiwa mgongo umekwisha, basi huinami, huchuchumai, unatembea umejikaza kama umebeba mayai. Misuli inalegea. Hulali, maana kodi ya chumba inakaribia na kwenye kubeba, siku usiyobeba huli. Tomaso alishaandika kwamba huzuni huudhuru mwili kuliko hisia nyingine zote, na dawa alizozitaja zinashangaza kwa mwanateolojia: raha, kulia, huruma ya marafiki, kutafakari ukweli, usingizi na kuoga. Kuoga! Nampenda sana kwa hilo.

Katika Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, walifanya utafiti uliochapishwa 2021 kwa watu 151 wenye maumivu sugu ya mgongo. Kundi moja lilifundishwa kwa wiki nne kuyaelewa maumivu kama king'ora kisicho na mwizi, kisha kurudia polepole ile miondoko waliyoiogopa. Theluthi mbili yao walibaki bila maumivu au karibu bila maumivu. Kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa ilikuwa asilimia 20, na kwa walioendelea na matibabu yao ya kawaida asilimia 10. Hawakuwa makuli, lakini. Wengi wao walikuwa watu waliosoma, na maumivu yao hayakuwa yale makali zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 nao unapendekeza elimu, mazoezi na tiba ya kisaikolojia, na unasema mikanda ya kiuno isitolewe kama tiba ya kawaida.

Ila kuna tahadhari moja, hasa kwa matajiri wa mizigo. Neno "hofu" lisigeuke kisingizio cha kumrudishia kijana belo lilelile. Katika Injili yetu mkuu wa sinagogi anakasirika kuhusu Sabato, na Yesu anamjibu kwa kutaja ng'ombe na punda: mnawafungua wanywe maji, je, huyu binti wa Abrahamu? Pale sokoni mkokoteni ukipasuka gurudumu unasimamishwa siku hiyohiyo.

Na hospitali uende. Miguu ikifa ganzi au kuishiwa nguvu, mkojo au choo kikikutoka bila kujua, ukiwa na homa, jasho la usiku au unakonda, usikae kusubiri novena iishe. Kwetu kifua kikuu kinaweza kushika uti wa mgongo, na kinatibika. Anayekwenda kufanyiwa upasuaji mkubwa anaweza kuomba Mpako wa Wagonjwa kabla. Si sakramenti ya wanaokata roho peke yao.

Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, haukuondolewa, na hakuna aliyemwambia hana imani. Jumamosi kwenye jumuiya, tunaposali rozari, asiyeweza kupiga magoti asimame tu. Na mwenye nyumba amtafutie kiti chenye egemeo.