Umebadilisha Ekzosi ya Pikipiki? Soma Plagi Kabla ya Kubeba Ufuta

Vijana wa Kilangala, ufuta unaendelea kushuka kwenda ghala la AMCOS, na pikipiki nyingi za mizigo naziona zimefungwa ekzosi za wazi, zile za kununua dukani. Kelele siizungumzii leo, majirani wenu watawaambia wenyewe. Shida yangu ni injini.

Ekzosi ya wazi inatoa moshi kirahisi, hivyo injini inavuta hewa zaidi. Lakini jeti ya kabureta ni ileile ya kiwandani. Ili petroli iungue vizuri, gramu 1 inahitaji takribani gramu 14.7 za hewa. Hewa ikizidi sana, injini inachemka, na ukiwa na magunia kwenye kilima cha mchanga, pistoni inaweza kutoboka. Hapo ufuta umebaki shambani na hela ya palizi ijayo imeenda kwa fundi.

Dalili zipo. Ukiachia mafuta, ekzosi inapiga pa-pa-pa. Ukivuta ghafla, pikipiki inasita kwanza. Ila msikimbilie kabureta. Gasketi ikivuja pale ekzosi inapoungana na injini, nayo inaleta milio hiyohiyo. Washa injini ikiwa ya baridi, sogeza mkono karibu na kiungo bila kugusa. Ukihisi upepo unapiga, badilisha gasketi kwanza.

Kama haivuji, soma plagi. Panda na mzigo, vuta mafuta mpaka mwisho kwenye barabara isiyo na watu, kisha zima injini na kamata klachi kwa pamoja. Ikipoa, fungua plagi. Rangi ya kahawia kama chai ya maziwa ni nzuri. Nyeupe, mafuta ni machache. Nyeusi yenye masizi, yamezidi.

Ikiwa nyeupe, ongeza jeti kubwa hatua moja. Kama imeandikwa 95, jaribu 98 au 100, halafu soma plagi tena. Ikisita katikati ya mwendo, shusha klipu ya sindano tundu moja, ili sindano ipande na mafuta yaongezeke. Skrubu ya pembeni iwe ya mwisho, robo mzunguko kwa mara moja. Angalieni ilipo: ikiwa upande wa injini, kufungua kunaongeza mafuta, ikiwa upande wa chujio la hewa, kukaza ndiko kunaongeza. Hapa mafundi wengi hubahatisha.

Namba ya jeti msiiazime kwa rafiki aliyeko Njombe. Kule juu hewa ni nyepesi, jeti ndogo inatosha. Sisi tuko pwani.

Na chujio la hewa lisitolewe, hata kama fundi anasema pikipiki "itapumua". Vumbi la njia zetu linasaga silinda. Jeti ya zamani ifungeni kwenye nailoni, muitunze chini ya siti. Siku ekzosi ya kiwandani ikirudishwa, nayo irudi.