Kazi ya Kubeba Ilipokwisha

SOMO LA WIKI

Soma: 1 Nyakati 23:24–32, Hesabu 8:23–26, Matendo 16:6–10

Wazo kuu: Wito wa Mungu haubadiliki, lakini kazi tunayoufanyia wito huo inaweza kubadilika mara kadhaa maishani.

Utangulizi

Kila Januari wengi wetu huandika malengo ya mwaka, tukayaombea, kisha karatasi ikaingizwa ndani ya Biblia. Inakaa hapo mpaka mkesha wa Desemba 31. Lakini kwa shamba la chai hatufanyi hivyo. Mkulima wa kiwanda cha KTDA anajua hesabu ya mwaka hufungwa Juni 30, na anajua bonasi ikija atakaa chini na mama watoto waulizane: karo imetosha? Deni la mbolea limebaki ngapi? Kama majani chai tunayafanyia hesabu, kwa nini maisha tuyaache yajiendee tu?

1. Walawi walipobaki bila mzigo

Tangu siku za Musa, Walawi walikuwa na kazi inayojulikana. Hema ya kukutania ikihama, wao ndio walioibeba, pamoja na vyombo vyake. Kijana wa Kilawi alikua akijua bega lake ni la kubeba. Baba alibeba, babu alibeba.

Halafu tunafika 1 Nyakati 23. Daudi amezeeka, anatazama na kuona Bwana amewapa watu wake raha, na makao yake ni Yerusalemu. Hema haitahama tena. Kwa hiyo anasema wazi kwamba Walawi hawatabeba tena. Kazi ya miaka mamia imekwisha siku moja.

Angalia vizuri kilichofuata. Walawi hawakufukuzwa, wala hawakuambiwa wajitafutie. Walipewa kazi nyingine: kutunza nyua na vyumba, kuandaa mikate, kusimamia vipimo, na kusimama kila asubuhi na kila jioni kumshukuru na kumsifu Bwana. Mzigo ulitoka begani, lakini wao walibaki kuwa wa Bwana.

Mpendwa, hili neno linatuhusu sisi wa Kericho na Bomet. Tangu miaka ya 2000 mashine za kuchuna chai zimeingia katika mashamba makubwa, na mashine moja inafanya kazi ya watu wengi. Sote tunakumbuka Mei 2023, jinsi hasira ilivyopanda Kericho mpaka mashine zikachomwa moto. Nyuma ya ile hasira kulikuwa na uchungu wa kweli. Kuna mama aliyesomesha watoto wanne kwa mikono yake miwili na kikapu mgongoni. Lengo lake lilikuwa kuchuna mpaka kitinda mimba amalize chuo. Sasa kazi imekwisha na mtoto yuko mwaka wa pili. Huyo mama usimwambie tu "Mungu atafanya njia" halafu upite. Kanisa lifanye kama Daudi: likae na watu wake na kuuliza, kazi gani nyingine ipo ambayo mikono hii inaweza kufanya?

Na wewe mwenyewe usiseme, "Mimi nimekwisha." Kilichokwisha ni kubeba. Wewe bado uko.

2. Kila umri na sehemu yake

Hesabu 8 inasema Mlawi aliingia kazini akiwa na miaka 25, na akifika 50 aliacha kazi nzito. Lakini haikuwa mwisho. Aliendelea kuwasaidia ndugu zake katika ulinzi. Mungu mwenyewe aliweka mahali pa kupitia upya.

Shida yetu ni kwamba wazee wengine wanang'ang'ania mzigo wa kijana, na vijana wengine wanataka kiti cha mzee. Baba wa miaka 60 bado anapanga kununua ekari nyingine kwa mkopo, na lengo hilo aliliandika akiwa na miaka 30. Nguvu imepungua, watoto wako mjini, hakuna wa kuchuna. Pengine lengo la sasa ni kugawa shamba vizuri na kuandika mambo yake akiwa hai, ili watoto wasipelekane kortini. Hilo nalo ni lengo la kiroho.

3. Mlango ukifungwa, sikiliza

Katika Matendo 16 Paulo alipanga kuhubiri Asia, Roho akakataza. Akajaribu Bithinia, akazuiwa tena. Angeweza kurudi nyumbani akisema huduma imekufa. Alishuka mpaka Troa, na huko usiku akaona maono ya mtu wa Makedonia. Lengo lake lilikuwa kuhubiri Injili, na hilo halikuguswa. Kilichobadilika ni njia.

Watu wa Bomet tunakumbuka Juni 10, 2008, siku ajali ya ndege ilipowachukua Kipkalya Kones na Lorna Laboso. Dada yake Lorna, Joyce Laboso, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu cha Egerton. Mwaka huohuo alichaguliwa mbunge wa Sotik mahali pa dada yake. Mwaka 2013 akawa naibu spika, na 2017 akachaguliwa gavana wa Bomet, mpaka alipofariki Julai 2019. Mtu anaweza kuwa katikati ya maisha, mipango imenyooka, na msiba mmoja ukaandika ukurasa mpya.

4. Pogoa, using'oe

Kila baada ya miaka mitatu au minne mkulima hukata chai yake. Shamba linabaki vijiti vitupu, na kwa muda wa kama miezi mitatu hakuna majani ya kupeleka kituoni. Mgeni akipita atadhani shamba limeharibiwa. Lakini usipokata, mti unapanda juu, mkono haufikii, na majani yanapungua.

Mkulima mwenye hekima hakati shamba lote kwa mara moja. Anakata sehemu, ili nyingine iendelee kulisha nyumba. Na yale matawi hayatupi. Anayaacha chini yaoze yawe mbolea. Fanya hivyo na malengo yako. Usiamke siku moja ukaacha kazi, chama na Sacco pamoja kwa sababu umesikia mahubiri. Badilisha sehemu. Na yale uliyojifunza katika mpango uliokufa, yaache yalishe mpango mpya.

5. Ahadi haipogolewi

Hapa tuwe waangalifu. Lengo linaweza kubadilishwa, lakini nadhiri ni lazima itimizwe. Zaburi 15 inamsifu mtu anayeshika kiapo chake hata kama kinamuumiza. Ndoa si lengo la kupitia upya kila Juni. Deni la jirani halifutwi kwa sababu "Mungu amenipa maono mapya." Mtoto uliyemzaa hawezi kuondolewa kwenye bajeti. Ukiona "mwelekeo mpya" unakutoa kwenye jukumu ulilolikubali mbele za Mungu na watu, hiyo si sauti ya Roho.

Fanya hivi wiki hii

Tenga jioni moja. Andika malengo yako yote, hata yale ya zamani, kisha uliza kila moja maswali matatu: Je, hili bado linatumikia wito wangu? Je, umri wangu na hali yangu ya sasa vinaliruhusu? Je, nani mwingine anaumia nikiendelea nalo, au nikiliacha? Halafu mwambie mtu mmoja unayemwamini. Kama una mke au mume, aanze yeye kujua. Wako wanaume waliopoteza kazi na bado wanaamka saa kumi na moja kana kwamba wanaenda shambani, kwa sababu ya aibu. Ndugu, nyumba yako ikijua ukweli itakuombea vizuri zaidi.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni mzigo gani Mungu ameutoa begani mwako, na wewe bado unatafuta wa kubeba?
2. Katika ushirika wetu, nani amepoteza kazi, na tunaweza kumsaidia vipi kabla ya mwezi kuisha?
3. Ni ahadi gani umekuwa ukiiita "lengo" ili upate kuiacha?

Ombi

Baba, tupe macho ya kuona kilichokwisha na moyo wa kupokea kinachoanza. Wakumbuke waliobaki bila kazi katika mashamba yetu. Utuonyeshe sehemu yetu katika umri huu, na utufanye waaminifu kwa kila tulichoahidi. Katika jina la Yesu. Amina.